Mtoto anakaa pembeni wenzake wakicheza: mwongozo kamili wa kumfundisha kucheza na wenzake na kupata rafiki

Wazazi wa hapa Moshi wanaoniuliza kuhusu jambo hili hukwama mahali pale pale. Mtoto wa miaka minne amesimama kwenye kona ya uwanja, kidole mdomoni, wenzake wanakimbizana. Mama anamsukuma kidogo mgongoni: "Nenda ukacheze na wenzako." Mtoto anarudi nyuma na kushika kanga. Anasukumwa tena, analia, wanaondoka. Wiki inayofuata ni yale yale.

Hakuna ubaya katika nia ya mama huyo. Ila mtoto ameambiwa afike mahali bila kuonyeshwa njia. Kuingia kwenye mchezo wa wengine kunataka mambo mengi kwa mpigo: kuona wanacheza nini, kujua pa kuingilia, kusema neno linaloeleweka, kusubiri zamu, na kustahimili kukataliwa. Yote hayo yanafundishika, moja moja, kwa mpangilio. Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 3 hadi 6.

## Kabla ya kuanza: umri una kikomo chake

Mtoto wa miaka miwili hucheza kando ya mwenzake, kila mmoja na mchanga wake, wala hawasemezani sana. Hiyo ni hatua ya kawaida ya kukua. Akikaribia mitatu na kuendelea, huanza kuazimana vitu na kuongea wakati wa kucheza. Akifika minne hivi, ndipo wanaweza kupanga mchezo pamoja: wewe mama, mimi dereva, yule mgonjwa.

Ni katika umri huo huo, kati ya minne na mitano, ndipo watoto wengi huanza kuelewa kwamba mwenzao anaweza kuwaza au kuamini kitu tofauti na wao. Kwa hiyo ukimkazia mtoto wa miaka miwili na nusu swali la "wewe ungefanyiwa hivyo ungejisikiaje?" unamwuliza jambo ambalo bado halijamfikia. Mwonyeshe tu la kufanya.

## Vitu vya kuandaa

- Mtoto mwenzake mmoja, wa umri unaokaribiana na wake, ikiwezekana mpole kidogo. Mmoja tu. Kuita watoto wanane kwa keki na muziki ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi.
- Vitu vya kuchezea viwili viwili vinavyofanana: makopo mawili, vijiko viwili, ndoo ndogo mbili, vipande viwili vya chaki. Vikifanana, nusu ya ugomvi imeondoka.
- Kitu kimoja kinachohitaji watu wawili: mpira, hata ule wa makaratasi na nailoni, au kamba ya kushika ncha mbili.
- Mahali panapoonekana: varanda, chini ya mwembe, uwanja wa nyumba za kupanga. Wakati wa masika panga varandani mapema, maana tope la Pasua au Njoro litawakatisha. Juni na Julai asubuhi ni baridi, subiri jua litoke.
- Dakika 30 hadi 45, mtoto akiwa ameshakula na ameshalala mchana. Mtoto mwenye njaa au usingizi hafundishiki kitu.
- Kitu cha kula pamoja: ndizi mbivu, parachichi, viazi vitamu vya kuchemsha.
- Mtu mzima mmoja asiyeshika simu. Kama mtoto hushinda na dada wa kazi, dada naye asome au asomewe mwongozo huu. Yeye ndiye atakayekuwepo saa kumi jioni wewe ukiwa kazini.

Tahadhari: karanga nzima na bisi humpalia mtoto mdogo, usiziweke mezani. Vizibo vya chupa na gololi viondoe kabisa kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu karibu.

Muda wa kucheza lazima utoke mahali, na katika nyumba nyingi utatoka kwenye televisheni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku. Katuni haimjibu mtoto akiinyang'anya kitu.

## Hatua ya 1: Mtazame siku chache bila kuingilia

Kaa mahali unapomwona akiwa karibu na watoto wengine. Usimwite, usimsukume. Unatafuta kujua yeye ni yupi kati ya hawa watatu.

Wa kwanza anataka kucheza ila hajui pa kuanzia: macho yake yapo kwenye mchezo, anasogea, anarudi. Wa pili anaingia kwa fujo: anapiga teke nyumba ya mchanga, ananyakua mpira, kisha anashangaa wamemkimbia. Naye anatafuta wenzake, kwa njia pekee anayoijua. Wa tatu ametulia na mchezo wake, anaimba peke yake, hana huzuni. Huyu wa tatu huenda hahitaji kurekebishwa chochote. Kuna watoto wanaotosheka na rafiki mmoja na kona yao, na ni vizuri waachwe wawe hivyo.

Wa kwanza atahitaji zaidi hatua ya 5. Wa pili, hatua ya 3 na ya 6.

Tahadhari moja kubwa: usiseme mbele yake "huyu ana aibu" au "huyu mkorofi". Mtoto akisikia jina hilo kwa shangazi, kwa jirani na kwa mwalimu, atalivaa.

## Hatua ya 2: Mpe maneno

Mtoto asiye na neno hutumia mkono. Chagua sentensi fupi nne au tano, mzizoee nyumbani wakati wa kuoga na kula:

- "Ukimaliza, nipe na mimi."
- "Bado natumia."
- "Acha, sitaki."
- "Mimi niwe nani?"
- "Pole. Umeumia wapi?"

Zitumie wewe kwanza. Ukitaka rimoti, mwambie baba yake mbele ya mtoto: "Ukimaliza, nipe na mimi." Watoto hukopa maneno wanayoyasikia yakifanya kazi.

Ongeza na majina ya hisia: umekasirika, umeogopa, umeona wivu, umechoka, umefurahi. Yataje yanapotokea, kwa sauti ya kawaida: "Naona umekasirika kwa sababu mnara umeanguka." Inatosha, huna haja ya kuhutubia.

Hapa niseme jambo linalonigusa. Kuna watoto, hasa wa Shanty Town, mtaa wa wenye uwezo hapa Moshi, na maeneo ya namna hiyo, wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza na nyumbani pia husemeshwa Kiingereza tupu. Jioni wakitoka nje, watoto wa jirani wanacheza kombolela na rede kwa Kiswahili cha haraka, chenye utani na vifupisho vyake. Mtoto huyu hana aibu hata kidogo, haelewi tu kinachosemwa. Kama huyo ni wako, dawa ni Kiswahili nyumbani kila siku, pamoja na kumfundisha mwenyewe michezo miwili mitatu ya mtaani mpaka azijue kanuni zake.

## Hatua ya 3: Zoezeni zamu na kushindwa, nyumbani

Anza na kurushiana mpira mkiwa mmekaa chini, miguu imepanuliwa. Kila mpira unapokwenda, mtaje mwenye zamu: "Zamu ya Neema. Zamu ya mama." Baada ya siku chache ongeza mtu wa tatu. Sasa mtoto anasubiri zamu mbili zipite kabla ya yake, na kusubiri huko ndiko kunakomsumbua kwa wenzake.

Kisha mfundishe kushindwa. Wazazi wengi humwachia mtoto ashinde kila mara, halafu anapokutana na mtoto mwingine asiyemwachia, anasusa na kuondoka na mpira. Mshinde mara moja moja. Na wewe ukishindwa, sema kwa sauti: "Nimeshindwa, nimeudhika kidogo. Haya, tucheze tena." Umemwonyesha kwamba uchungu ule unapita.

Utajua imekaa akiweza kusubiri zamu mbili bila kunyakua, na akishindwa ananuna lakini harushi kitu. Kununa kunaruhusiwa.

## Hatua ya 4: Mwenzake mmoja, nyumbani, kwa muda mfupi

Mwombe mzazi mwenzako waziwazi na umpe saa ya mwisho: "Mama Brayani, kesho saa kumi naomba Brayani aje acheze na Neema. Saa kumi na moja kasoro robo nitamrudisha mwenyewe." Watu hukubali kwa urahisi wakijua mwisho ni lini na nani atamleta mtoto.

Kabla mgeni hajafika, mwulize mtoto wako: "Ni kitu gani hutaki mtu akiguse leo?" Kifiche kabatini pamoja naye. Mtoto aliyehakikishiwa kwamba mdoli wake yuko salama hutoa vingine bila shida.

Wakianza, wape vile vitu viwili viwili, kila mmoja na kopo lake na mchanga wake. Kaa kwenye kigoda umbali wa hatua mbili tatu. Usiongoze mchezo. Ukiona wametulia dakika kumi hivi, ingiza kile kinachohitaji wawili: "Ndoo hii ina maji mengi, nani na nani wataibeba?" Halafu nyamaza.

Malizia wakati bado wanafurahia. Wape ndizi, wakae pamoja wale, mgeni arudishwe. Ukisubiri mpaka waanze kugombana, kila mmoja ataondoka na kumbukumbu ya ugomvi.

Rudia na mtoto yule yule kabla ya kutafuta mwingine. Urafiki wa umri huu hujengwa na kuonana mara kwa mara na kufanya jambo lile lile. Mafanikio ya hatua hii ni madogo na ni ya kweli: mtoto anauliza, "Brayani anakuja lini?"

## Hatua ya 5: Kuingia kwenye mchezo unaoendelea

Hapa ndipo wengi hufeli, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mwaka 1981, watafiti wa Marekani Martha Putallaz na John Gottman waliwatazama watoto wa darasa la pili na la tatu wakijaribu kujiunga na wenzao waliokuwa tayari wanacheza. Watoto wasiopendwa sana walikuwa na mazoea ya kupinga, kuulizauliza maswali, au kuanza kujieleza wao na maoni yao, na mara nyingi walipuuzwa au kukataliwa. Walichokosa ni kuufuata mchezo uliokuwepo. Kwa watoto wetu wadogo nimeona jambo hilo hilo kila msimu. Anayefika na "mimi nina baiskeli mpya" anaachwa amesimama. Anayefika na kikombe cha maji wakati wenzake wanapika ugali wa udongo anapewa kazi mara moja.

Kwa hiyo mfundishe mpangilio huu:

1. Sogea, simama, tazama. Usiseme kitu. Angalia: wanapika? wanaendesha gari? nani ni mama, nani ni mtoto?
2. Fanya kinachofanana, pembeni kidogo. Wao wanachota mchanga, na wewe chota wako.
3. Leta kitu kinachofaa kwenye mchezo wao. "Nimeleta kuni." "Abiria mmoja hapa, nashuka Mbuyuni."
4. Uliza kazi. "Mimi niwe nani?" Ukisema "Naomba nicheze?" ni rahisi mtu kujibu hapana. Ukiuliza uwe nani, wanaanza kufikiria upungufu wa mchezo wao.
5. Ukikataliwa, tulia. Kaa kando, endelea na chako, jaribu tena baadaye au nenda kwa wengine.

Usimweleze yote haya siku moja. Igizeni nyumbani kwa vijiti au makopo: makopo matatu yanapika, kopo la nne linakuja. Kopo la nne livamie na kumwaga chakula. Mwulize, wenzake watasemaje? Kisha lije na kuni. Watoto hucheka sana kopo linapokosea, na ndani ya kicheko hicho wanajifunza. Badilishaneni, naye awe anayekataa, wewe uwe unayekataliwa, aone mtu mzima akikataliwa na kubaki mtulivu.

Siku ya kujaribu kweli, nenda naye. Simameni pamoja mkitazama na umnong'oneze: "Wanafanya nini pale? Unadhani wanahitaji nini?" Akishapata wazo, mwache aende mwenyewe.

Kukataliwa kutatokea hata akifanya kila kitu sawasawa. Watoto wadogo wakishapata mchezo mtamu huogopa utavurugika, kwa hiyo "hatukuchezeshi" ya kwanza mara nyingi inalinda mchezo tu. Mweleze hivyo. Mpe pole, na usiige hasira yake.

Mawili ya kuepuka. Usiwaamuru watoto wengine: "Mchezesheni mwenzenu!" Watamchezesha ukiwa unatazama, ukigeuka wanamtoa. Na usimpe pipi za kugawa ili akubaliwe. Pipi zikiisha watamwuliza kesho ziko wapi, naye atajifunza kwamba yeye mwenyewe hatoshi.

## Hatua ya 6: Wakigombana

Watagombana. Ugomvi wa watoto wanaopendana ndio darasa lenyewe, kwa hiyo usikimbilie kuuzima. Wakibishana kwa maneno, subiri kidogo uone kama watamaliza wenyewe. Kukiwa na kupiga, kung'ata au jiwe mkononi, ingia papo hapo: shika mkono kwa upole na uthabiti, sema "Sitakuacha umpige," na uwatenganishe.

Kisha chuchumaa uwe sawa na macho yao. Msikilize kila mmoja bila kukatizwa. Rudia ulichosikia: "Brayani anataka ndoo. Neema bado anaitumia." Uliza: "Tufanyeje?" Usijibu haraka. Watoto wa miaka minne hunishangaza kwa majibu wanayoyatoa wakipewa nafasi. Wakishindwa kabisa, toa njia mbili wachague.

Kuhusu kugawana: usimnyang'anye mtoto kitu anachotumia ili umpe mgeni kwa sababu tu ni mgeni. Najua heshima ya mgeni ilivyo kwetu. Lakini mtoto anayenyang'anywa na mama yake mwenyewe anajifunza kwamba mkubwa hunyang'anya. Weka zamu: akimaliza, atampa, na wewe uhakikishe kweli anampa.

Kuhusu kuomba msamaha: neno la kulazimishwa huku mtoto anatazama pembeni halirekebishi chochote. Mwelekeze kwa aliyeumia: "Mtazame uso. Analia. Utamsaidiaje?" Alete maji, aokote kilichomwagika, apulize goti, aseme pole. Neno la msamaha litakuja baadaye na litakuwa lake.

Na fimbo hapana. Ukimpiga kwa sababu amempiga mwenzake, umemwonyesha kwa mkono wako kile unachomkataza.

Hatua hii haina siku ya kuhitimu. Dalili njema ni ugomvi kuwa mfupi zaidi, na mmoja wao kurudi mwenyewe akiwa ameshika kitu cha kumpa mwenzake.

## Hatua ya 7: Ongea naye kuhusu urafiki

Kwa mtoto wa umri huu, rafiki ni yule anayecheza naye sasa hivi. Ndiyo maana atakwambia "Brayani si rafiki yangu tena" saa kumi na moja, na saa kumi na mbili anamlilia asiondoke. Maana yake ni "nimemkasirikia". Msaidie kulisema hivyo. Usimpigie simu Mama Brayani, na tafadhali usinuniane na jirani kwa ugomvi ambao watoto wamekwisha kuusahau.

Tumia maswali madogo wakati wa kulala: Leo ulicheka na nani? Kuna mtu alikaa peke yake? Kuna aliyekusaidia? Ukiuliza tu "umecheza vizuri?" utajibiwa "ndiyo" na mazungumzo yameisha.

Mweleze pia kwamba si lazima kila mtu awe rafiki yake, ila hakuna wa kuchekwa wala kumwagiwa mchanga. Kufanya wema ni kwa wote. Siri na vicheko vya pekee ni vya wachache aliowachagua.

Na hili lisikosekane: mtu yeyote, mtoto au mkubwa, akimwambia "tusimwambie mama" kuhusu kuguswa mwilini au kuvua nguo, huyo hachezi, na mama aambiwe siku hiyo hiyo. Ukisikia jambo kama hilo, usimgombeze mtoto. Namba ya bure ya huduma kwa watoto ni 116, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

## Hatua ya 8: Sasa kundi

Akishakuwa na rafiki mmoja au wawili, mpeleke kwenye kundi akiwa na mmoja wao. Wawili huingia kwa urahisi kuliko mmoja. Anza na michezo yenye kanuni nyepesi ambayo wote wanafanya kitu kimoja, kisha kombolela.

Shuleni, mwombe mwalimu wa awali jambo moja mahususi: amkalishe mtoto karibu na fulani, au awape wawili hao kazi ya kugawa vikombe. "Mwalimu, nisaidie mtoto achangamke" haimwambii mwalimu afanye nini.

Desemba ina ugumu wake. Familia zinapanda Kibosho, Marangu, Machame, na mtoto aliyezoea watu watatu anakuta binamu ishirini chini ya migomba, wote wanajuana. Fika siku moja mapema kama inawezekana, kabla umati haujajaa. Mtafutie binamu mmoja wa umri wake, wape kazi ndogo pamoja, kama kuwapelekea mbuzi majani. Salamu za wakubwa mzizoee mkiwa njiani. Akishindwa kutoa shikamoo mbele ya watu kumi, itoe wewe kwa niaba yake na mwendelee.

## Wakati wa kutafuta msaada wa kitaalamu

Aibu na ukorofi wa kawaida hupungua polepole kwa mazoezi haya, kwa wengine wiki chache, kwa wengine miezi. Mpeleke mtoto kliniki bila kusubiri ukiona mojawapo ya haya: haitikii akiitwa jina, haonyeshi vitu kwa kidole, hasemi maneno ya kueleweka kama wenzake wa umri wake, hachezi kabisa michezo ya kuigiza ingawa amepita miaka mitatu, au amepoteza maneno na mazoea aliyokuwa nayo. Vivyo hivyo kama huumiza wenzake au kujiumiza karibu kila siku.

Omba masikio yapimwe kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi au mpweke, na watu humlaumu kwa jambo ambalo hana uwezo nalo. Hapa Moshi unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Mawenzi, na ikihitajika utapewa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC.

Nenda na daftari. Andika ni lini uliona dalili, zinatokea wapi, anafanya nini akiwa na furaha, na maneno anayoyasema sasa. Kama mwalimu au dada wa kazi ameona tofauti na wewe, andika na ya kwake. Video fupi ya mtoto akicheza nyumbani pia humsaidia daktari, kwa sababu kwenye chumba chake watoto wengi hunyamaza tu.